Mbwa wa Reykjavik, Mbwa wa Lokichogio

Mwaka 1984 waziri wa fedha wa Aislandi alijipata taabani kwa sababu ya mbwa. Jina lake lilikuwa Albert Guðmundsson, na kama wewe ni shabiki wa Arsenal, jua kwamba huyu jamaa aliwahi kuvaa jezi yenu mwaka 1946, kabla hajaenda Milan. Mbwa wake aliitwa Lucy. Lucy hakuwa ameuma mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa anaishi Reykjavik, na Reykjavik ilikuwa imepiga marufuku ufugaji wa mbwa tangu 1924. Waziri akaripotiwa kwa polisi. Akajibu kwamba heri ahame nchi kuliko kumtoa Lucy nyumbani. Mwaka huo huo mji ukalegeza sheria, watu wakaanza kufuga mbwa kwa leseni.

Kila nikiona hii hadithi mtandaoni, inasimuliwa kama kichekesho. Ati Wazungu wa kule kaskazini walikuwa wanachukia mbwa miaka sitini nzima. Wachache sana huuliza kwa nini mji mzima uliamua hivyo. Na jibu lake si chuki. Jibu lake ni mnyoo ambaye hata akiwa mzima kabisa hafikishi sentimita moja.

Kwa jina la kitaalamu anaitwa Echinococcus granulosus. Ni tegu, lakini futa ile picha ya tegu uliyofundishwa shuleni, ule utepe mrefu wa mita kadhaa. Huyu ana urefu wa milimita mbili hadi saba. Ana kichwa chenye kulabu za kujishikilia, kisha vipande vitatu au vinne vya mwili, basi. Anaishi kwenye utumbo mwembamba wa mbwa, na haishi peke yake: mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu. Na mbwa mwenyewe hana habari. Anakula, anabweka, anakimbiza mbuzi, anakuja kukulamba mkono.

Kipande cha mwisho cha mwili wa tegu hujaa mayai, mamia, kisha hukatika na kutoka na kinyesi. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Yanashika kwenye nyasi, kwenye udongo, kwenye maji ya kisima, na kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe, hasa nyuma na kwenye mdomo, kwa sababu mbwa hujisafisha kwa ulimi. Kondoo akija kula hizo nyasi anameza yai. Ndani ya tumbo yai linapasuka, kiluwiluwi chenye kulabu sita kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kubebwa hadi kwenye ini. Kikipita ini kinakwama kwenye mapafu. Hapo kinatulia na kujigeuza kifuko cha maji. Ndani ya kile kifuko vinaanza kuota vichwa vidogo vya tegu, vingi kama mchanga, kila kimoja kikingoja siku yake.

Siku yake ni siku ya kuchinja. Mchinjaji anafungua tumbo, anakuta ini lina mafuko, anasema hili halifai, anamtupia mbwa. Mbwa anafurahi. Baada ya takriban wiki sita kila kichwa kilichofika salama kimekuwa tegu mzima, na mayai yanatoka tena.

Ukiangalia vizuri, mzunguko huu hauhitaji binadamu ndani yake. Mbwa anampa kondoo, kondoo anampa mbwa. Lakini binadamu ndiye anayeushikilia, kwa sababu kondoo hajipasui tumbo mwenyewe. Ni sisi tunaochinja, ni sisi tunaotupa. Na tukimeza lile yai kwa bahati mbaya, mwili wetu unafanyiwa vile vile mwili wa kondoo unavyofanyiwa: kifuko kinaota kwenye ini letu. Kinakua polepole sana, pengine sentimita moja kwa mwaka, pengine zaidi. Unaweza kuishi nacho miaka kumi bila maumivu yoyote. Kisha watu wanaanza kukuuliza kama una mimba. Kuna mafuko yaliyotolewa tumboni mwa watu yakiwa na lita kadhaa za maji, meupe safi kama ya chemchemi. Na kifuko kikipasuka ndani, kwa kuanguka, kwa kupigwa teke na punda, kwa ajali ya pikipiki, yale maji yanaweza kuushtua mwili hadi ukafa kwa dakika chache. Usipokufa, vile vichwa vidogo vinatawanyika tumboni na kila kimoja kinaweza kuanzisha kifuko kipya.

Madaktari wa kale waliyajua mafuko haya. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanataja ini lililojaa maji ambalo likipasuka mgonjwa hufa. Hilo ni zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Lakini kwa karne zote hizo hakuna aliyehusisha kifuko cha ini la mtu na mnyoo wa mbwa, na siwalaumu. Moja ni mfuko wa maji mkubwa kama nazi, nyingine ni chembe nyeupe ndogo kuliko punje ya mchele. Ni kama kumwambia mtu kwamba kiwavi na kipepeo ni mnyama mmoja, tena wakiishi nyumba tofauti.

Waliounganisha hizi nyumba mbili walikuwa Wajerumani, miaka ya 1850. Carl von Siebold alichukua mafuko kutoka kwa mifugo iliyochinjwa, akawalisha mbwa wachanga, akangoja, akawachinja, na akakuta matumbo yao yamejaa tegu wadogo. Ilikuwa enzi ya majaribio ya namna hiyo, na mengine hayasomeki bila kukunja uso. Friedrich Küchenmeister, akichunguza tegu wa nguruwe, alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama yenye vifuko, bila kumwambia, kisha baada ya mtu huyo kuuawa akapasua maiti kuwatafuta minyoo. Aliwapata. Vitabu vya sayansi vinamsifu kwa ugunduzi, na yule mfungwa anapita kwenye sentensi moja tu.

Kipande kilichobaki kilikuwa ni kuthibitisha kwamba kifuko cha mtu ni kile kile cha kondoo. Mwaka 1863 Bernhard Naunyn huko Berlin alitoa mafuko ya mgonjwa, akayalisha mbwa, na tegu wakaota. Na mwaka huo huo jaribio kama hilo lilikuwa likifanywa mahali ambapo ugonjwa huu ulikuwa jambo la kila boma: Aislandi.

Waaislandi waliuita sullaveiki. Nchi ilikuwa koloni la Denmark, maskini, yenye baridi, yenye kondoo wengi kuliko watu. Nyumba zilijengwa kwa udongo na majani, zenye chumba kimoja ambamo familia nzima ililala, ilikula na kusokota sufu, na mbwa walikuwa humo humo. Mbwa walikuwa lazima. Bila mbwa huwezi kukusanya kondoo milimani. Daktari Mdenmaki aitwaye Schleisner alikuwa ametumwa huko mwaka 1847, na taarifa yake ilionyesha kwamba ugonjwa wa mafuko ya ini ulikuwa janga la taifa.

Kwa hiyo mwaka 1863 Denmark ikamtuma mtaalamu wa minyoo, Harald Krabbe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alikaa majira ya kiangazi akizunguka na kupasua mbwa. Alipasua mbwa 100. Kati yao 28 walikuwa na tegu huyu.

Ningependa mkae kidogo na hiyo namba 28, maana tutairudia.

Krabbe akarudi nyumbani, na badala ya kuandika kitabu kinene cha wataalamu peke yake, mwaka 1864 akatoa pia kijitabu. Kilichapishwa kwa Kiislandi na kugawiwa bure kwa kaya za nchi hiyo. Kilisema mambo machache: mafuko yanatoka wapi, usimpe mbwa maini yenye mafuko, yafukie au yachome, usimruhusu mbwa alambe vyombo wala akulambe uso, punguza idadi ya mbwa. Sasa hapa kuna kitu ambacho hakikuletwa na Krabbe wala na Denmark. Aislandi ilikuwa na desturi ya kale ya jioni za baridi kali, familia ikikaa pamoja ikifanya kazi za mikono huku mmoja akiwasomea wengine kwa sauti. Karibu kila mtu alijua kusoma. Ukiwapelekea watu kama hao kijitabu, hakiishii kuwa karatasi ya kufungia chumvi. Mwaka 1869 ikafuata sheria ya kodi ya mbwa, na mwaka 1890 sheria nyingine kali zaidi, yenye amri ya kuharibu mafuko na kuwapa mbwa dawa. Reykjavik ikaenda hatua yake ya mwisho mwaka 1924.

Matokeo yake yalisomwa kwenye maiti. Katikati ya karne ya 20 daktari wa Reykjavik, Niels Dungal, aliangalia kumbukumbu za upasuaji wa maiti akizipanga kwa mwaka wa kuzaliwa. Wazee waliozaliwa miaka ya 1860 walikuwa na mafuko kwa wingi. Kila kizazi kilichofuata kilikuwa na machache, na waliozaliwa karne ya 20 karibu hawakuwa nayo kabisa. Yaani mnyoo alikuwa ameshindwa miongo mingi kabla ya dawa za maana kupatikana.

Kijitabu kinapewa sifa nyingi kwa hilo, na kama mwandishi anayelipwa kwa idadi ya maneno, natamani sana iwe kweli kabisa. Nadhani ni kweli nusu. Kuna jambo lingine lililotokea kipindi hicho hicho: wafugaji walianza kuuza nyama nje ya nchi, na kondoo wakawa wanachinjwa wakiwa bado wana-kondoo. Kifuko cha mwana-kondoo ni kichanga, hakijazaa vichwa. Hata mbwa akikila, hakuna kinachoota. Machinjio nayo yakaanza kukusanywa mahali pamoja. Uchumi ulibadilika na mnyoo akakosa njia. Ukiambiwa taifa fulani liliponywa na elimu, angalia pia soko lilikuwa linafanya nini.

Sasa tuje nyumbani.

Mimi nilikutana na huyu mnyoo kupitia kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, vipeperushi. Kuna mtu alinipa kazi ya kulainisha Kiswahili cha kipeperushi cha afya ya mifugo kwa ajili ya kaskazini. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wa mbwa, kondoo na mama aliyebeba mtoto, na mishale ikizunguka kati yao. Mishale yote mibaya ilikuwa inaishia kwa mama. Nikalipwa, kazi ikaisha, lakini ule mchoro ulinikaa kichwani, nikaanza kusoma.

Mwaka 1958 daktari aitwaye Wray aliandika taarifa fupi kwenye jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu ugonjwa wa haidatidi nchini Kenya. Kurasa chache tu. Jambo lililojitokeza ni kwamba wagonjwa wengi waliokuwa wakifika hospitalini na mafuko walikuwa Waturkana. Hebu fikiria maana yake. Turkana wakati huo ilikuwa wilaya iliyofungwa na serikali ya kikoloni, huwezi kuingia wala kutoka hivi hivi bila kibali. Hospitali zilikuwa chache na mbali mno. Kama hata hivyo wagonjwa wa Turkana ndio waliojaza orodha, basi huko nyuma walibaki wangapi? Hadi leo mtu wa Lodwar akipanda gari kwenda Kitale anaweza kukuambia anaenda Kenya. Ni utani, ila utani wenye kumbukumbu.

Miaka michache baadaye George Nelson na Robert Rausch walichunguza mbwa na wanyama wa porini nchini na kuthibitisha kwamba tegu yupo. Kisha miaka ya 1970, wamisionari na madaktari wa ndege wa AMREF wakifanya upasuaji mmoja baada ya mwingine huko kaskazini, watu wakaanza kuhesabu. Hesabu iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuhusu Turkana ya kaskazini ilikuwa karibu wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa pameandikiwa namba kama hiyo. Si Aislandi ya kale, si Uruguay, si New Zealand. Na mbwa? Walipopasuliwa, zaidi ya nusu walikuwa na tegu. Krabbe alikuta 28 kwa 100 na akaona ni hatari ya taifa.

Ndipo yakaja maelezo, na hapa ndipo ninapoanza kuguna.

Ukisoma maandishi ya miaka hiyo, kwa Kiingereza kizuri cha majarida ya London, unakutana na Mturkana wa ajabu. Unaambiwa mbwa ni yaya wa mtoto: mtoto akijisaidia au akitapika, mbwa huitwa kuja kulamba. Unaambiwa mbwa analala ndani ya nyumba, analamba sufuria. Unaambiwa wanawake huugua kuliko wanaume. Unaambiwa kwamba kimila wafu wengi hawakuzikwa bali waliachwa nyikani, na kwamba kwa njia hiyo binadamu mwenye mafuko anaweza kumrudishia mbwa tegu. Mwaka 1983 Calvin Macpherson alichapisha makala yenye hoja hiyo: kwamba Turkana huenda ndiko mahali ambapo mtu si mwisho wa njia kwa mnyoo huyu, bali ni kituo halisi cha mzunguko, sawa na kondoo.

Sisemi walidanganya. Mambo haya yalionekana, na hoja ya Macpherson ni ya kisayansi na nzito. Ninachosema ni kwamba mambo haya yalipotoka kwenye maabara yakawa hadithi, na hadithi ikawa "hawa watu ni wachafu". Nimeisikia Nairobi kwa masikio yangu, kutoka kwa watu wenye digrii.

Ebu tuangalie yule yaya tena. Mama ana mtungi mmoja wa maji. Ameutoa kwenye shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa lugga, saa kadhaa kwa miguu, ukiwa kichwani. Maji hayo ni ya kunywa yeye, watoto, na pengine mwana-mbuzi mgonjwa. Mtoto anaharisha. Una chaguo gani? Mbwa ni suluhisho la upungufu wa maji, na kama ungekuwa pale ungemwita mbwa pia. Aislandi mbwa walilamba vyombo katika nchi yenye mito kila upande. Lakini sijawahi kusikia mtu akieleza mafuko ya Waaislandi kwa "tamaduni" zao. Wao walikuwa wakulima maskini. Sisi tukawa utamaduni.

Halafu kuna suala la jua. Yai la tegu hili halipendi joto wala ukavu. Kwenye baridi na unyevu linaweza kudumu miezi. Kwenye mchanga wa Turkana saa sita mchana, halidumu. Kwa hiyo ugonjwa huu ulifikaje kuwa mkubwa kuliko kote katika mojawapo ya sehemu zenye joto kali Afrika Mashariki? Mtafiti Mkenya, Wachira, pamoja na Macpherson na Gathuma, walichapisha jibu mwaka 1991. Walipima mayai yanaishi muda gani katika mazingira tofauti. Juani yalikufa haraka. Yaliyokaa muda mrefu zaidi yalikuwa ndani ya nyumba za kivuli na pembeni ya mashimo ya maji. Yaani palepale tu ambapo mama, mtoto na mbwa wanakimbilia kujificha jua. Ukilijua hilo, tofauti ya wanawake na wanaume haihitaji maelezo ya ajabu. Nani anakaa kwenye nyumba? Nani anashinda kwenye shimo la maji?

Mwaka 1983 AMREF ilianzisha mradi wa kuudhibiti ugonjwa huu kaskazini magharibi mwa Turkana, upande wa Lokichogio. Kwa wakati huo ulikuwa mradi wa kipekee: kudhibiti haidatidi kwa jamii inayohamahama. Aislandi, New Zealand, Tasmania, wote walikuwa visiwa, wenye mashamba yenye ua na mwenye shamba mwenye anwani. Hapa boma lililokuwa pale mwezi jana leo liko upande wa pili wa mlima, au limevuka mpaka, au limehama kwa sababu ya uvamizi. Na njaa ya 1980 na 1981 ilikuwa imetoka tu kuwasukuma maelfu kwenye kambi za chakula.

Kazi yenyewe, ukiisoma, haina utukufu. Nenda bomani. Hesabu mbwa. Mwandike. Mpe dawa ya praziquantel, ambayo inaua tegu wote tumboni. Rudi baada ya wiki sita, kwa sababu wiki sita ndio muda wa tegu mpya kukomaa; ukichelewa, umeanza upya. Mbwa wasio na mwenyewe wanauawa. Na ongea, tena na tena, na wale wanaochinja. Eberhard Zeyhle alifanya hii kazi kwa miongo, na pamoja naye wafanyakazi wengi wa Kiturkana ambao majina yao hayapo juu ya makala yoyote, ingawa ni wao waliojua boma gani limehamia wapi na mbwa gani ni wa nani. Bila wao gari la mradi lingekuwa linazunguka nyika tu likichoma mafuta.

Kilichonishangaza zaidi ni ultrasaundi. Miaka ya 1980 hospitali nyingi za mijini Kenya hazikuwa na mashine hiyo. Turkana ilipelekwa ndani ya Land Rover, ikiendeshwa kwa jenereta, na watu wakapimwa matumbo chini ya mti. Maelfu ya watu. Kabla ya hapo walitegemea vipimo vya damu, ambavyo kwa Waturkana vilikosa wagonjwa wengi. Sasa ungeweza kukiona kifuko kabla hakijamvimbisha mtu. Sehemu ya kile ambacho dunia inakijua leo kuhusu kupima ugonjwa huu mashambani ilijifunzwa kwenye matumbo ya watu wa Lokichogio. Hata matibabu: mwaka 1986 Okelo alichapisha taarifa ya wagonjwa 12 ambao mafuko yao hayakuweza kupasuliwa, waliotibiwa kwa albendazole. Ndiyo, albendazole, dawa ile ile ya minyoo tuliyogawiwa shuleni, ila kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, chini ya uangalizi wa daktari.

Je, ilifanikiwa? Kwa kiasi. Vipimo vya miaka ya 1980 vilikuta mafuko kwa zaidi ya watu 5 katika kila 100. Vilivyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 vilikuta karibu 2. Ni mafanikio makubwa, na bado ni namba ambayo ingekuwa kashfa popote kwingine. Nikilinganisha na Aislandi naona tofauti moja ambayo hakuna kipeperushi kinachoweza kuiziba. Kule sheria ilitoka kwa dola na ikabaki miaka mia. Hapa dawa ya mbwa ilitegemea mradi, na mradi una tarehe ya kuisha, una mfadhili, una ripoti ya mwaka. Mnyoo hana. Mtoto aliyemeza yai akiwa na miaka miwili anaweza kuonekana na kifuko akiwa na ishirini na mitano. Hakuna mfadhili ninayemjua mwenye subira ya hivyo.

Na usidhani hii ni ya kule tu. Mwaka jana nilienda machinjio moja ya mbuzi hapa mashariki mwa Nairobi, asubuhi mapema, kwa sababu nilitaka kuona kifuko kwa macho yangu. Sikungoja hata nusu saa. Kijana aliyekuwa akitoa matumbo alinyanyua ini, akaligeuza, akanionyesha uvimbe mweupe kama jicho la samaki aliyepikwa. "Hii ni maji," akasema. Nikamuuliza kama anajua ni nini. Akasema mkaguzi huwa anaikataa, basi. Akaikata ile sehemu kwa kisu kimoja safi, akaiweka kando, ini lililobaki likaenda kwenye karai la kuuzwa. Kile kipande cheupe kilitakiwa kwenda kwenye shimo. Shimo lilikuwepo, lina mfuniko wa chuma, niliuona. Ila mfuniko ulikuwa wazi, na mbwa watatu walikuwa wamekaa pembeni yake kwa utulivu wa watu wanaongoja matatu ya kila siku. Nilipomwonyesha, akacheka. "Hao ni wa hapa, ndio soja wetu wa usiku."

Mbuzi wale walikuwa wametoka mbali. Wengine wametoka Marsabit, wengine Turkana, wengine Kajiado, wote wakiwa kwenye lori moja. Wataalamu wamechunguza aina za tegu huyu nchini na kukuta zaidi ya moja: kuna inayopenda kondoo, ambayo ndiyo inayowaumiza watu zaidi, na kuna inayopenda ngamia. Wamasai pia wana mifugo yenye mafuko mengi, ingawa miongoni mwao wagonjwa wanaojulikana ni wachache kuliko Turkana. Lori halibagui. Barabara ya kutoka kaskazini sasa ni lami, na mnyama aliyechinjwa Lokichogio jana angeweza kuwa ameletwa hapa leo.

Aislandi mara ya mwisho tegu huyu kuonekana kwa kondoo ilikuwa mwaka 1979, zaidi ya karne moja baada ya kijitabu cha Krabbe. Miaka mitano baadaye ndipo Lucy akaruhusiwa kutembea barabarani. Ukihesabu miaka kama hiyo kuanzia 1983, unafika karibu mwisho wa karne hii, na kwa hesabu ya wiki sita sita, kila mbwa wa Turkana atakuwa amepaswa kupewa dawa karibu mara tisa mwaka huu kabla ya kwisha Desemba.